Mkoba wa Mzazi na Dhamana ya Hospitali

Katika mambo anayoambiwa mja mzito wa kwetu tangu mahudhurio yake ya awali ya kliniki, hakuna linalomkaa moyoni na kumnyima usingizi kama orodha ya vitu atakavyotakiwa afike navyo siku ya kujifungua: doti za kanga, beseni, ndoo, sabuni, pedi, nguo za mtoto, chupa ya chai, na baada ya hivyo, kwa sauti ileile na katika karatasi ileile, glovu za mkunga, pamba, wembe wa kukatia kitovu, kibanio au uzi wa kukifungia, mpira wa kutandika kitandani, na penginepo sindano na dawa ya kuzuia damu. Nimeisoma orodha hiyo mara nyingi, mahali pengine imeandikwa kwa mkono nyuma ya daftari, mahali pengine imechapwa na kubandikwa mlangoni, na kila niisomapo fikira yangu huwa ni moja: ya kwamba hapo zimechanganywa orodha mbili, moja ya mama na aila yake, na ya pili ya hospitali, na kwamba kuzichanganya kumewaletea dhiki na izara wanawake wasiostahili hata chembe yake.

Nianze na ile iliyo halali ya mama, kwa kuwa hiyo nayo haipewi haki yake. Aghalabu hufikiriwa dakika za mwisho, uchungu ukiwa umekwisha kuanza, ilhali mtoto hana ahadi na mtu, na wapo wengi wanaozaliwa kabla ya wiki ya 37. Mkoba ulio tayari mwezi wa nane unapoandama ndio mkoba wa kutegemewa. Nguzo yake ni kanga, wala si lazima ziwe mpya. Kanga mpya, ijapokuwa inapendeza, hutoka dukani imekakamaa kwa wanga na hainyonyi maji, na ile iliyofuliwa mara nyingi hata ikalainika ndiyo iufaayo mwili wa mtoto na ndiyo ikaushayo. Moja iwe ya kumpokelea na kumfutia, ya pili, kavu, iwe ya kumfunika yeye pamoja na mama yake akishalazwa kifuani ngozi kwa ngozi, na nyingine ziwe za kutandika na za mama kujifunga, za rangi ya kuiva ili damu isimtahayarishe mbele ya watu. Zote zifuliwe kwa sabuni, zianikwe juani, kisha zipigwe pasi pande zote mbili pamoja na mishono, kwa sababu nguo iliyoanikwa nje katika nchi zetu za joto huweza kutagiwa mayai na nzi ambaye funza wake huingia katika ngozi, na kichanga cha siku moja hakistahili mtihani huo.

Kofia na soksi wengi huzidharau, wakisema kwamba Dar es Salaam au Tanga mwezi wa Januari ni tanuri, mtoto atapataje baridi. Atapata. Mtoto hutoka amelowa katika mwili uliokuwa na joto lisilobadilika, na kichwa chake, kikubwa kwa kiasi cha kiwiliwili, hupoteza joto upesi hata katika chumba ambamo watu wazima wanatoka jasho. Kwa ajili hiyo hiyo Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asioshwe hadi saa 24 zipite, na mama au bibi anayekuja na karai akitaka kumwogesha mjukuu wake jioni ileile, kwa mapenzi mema kabisa, aombwe kwa adabu angoje hadi kesho.

Chakula cha mzazi nacho kina sura yake katika mkoba. Uji wa moto katika chupa ya chai, wenye pilipili manga kidogo kama walivyotuzoesha wazee, supu ya kuku au ya samaki inayoletwa na wifi asubuhi, maji safi ya kunywa ya kutosha kwa kuwa maziwa hayatoki katika mwili uliokauka, na tende, ambazo Waislamu wa mwambao wanajua kwamba zimetajwa katika kisa cha Bibi Maryamu alipopatwa na uchungu chini ya mtende. Aliyejifungua kwa upasuaji atakaa siku kadhaa, na mahitaji yake ni zaidi: gauni pana lenye vifungo mbele, ili anyonyeshe bila ya kuvuliwa nguo zote, na nguo ya ndani iliyo pana, ambayo ukanda wake unapita juu ya kidonda wala haukilalii. Kwake yeye habari ya kukandwa kwa maji ya moto na kufungwa mkaja isubiri ruhusa ya daktari, hata kama mama mkwe ameshikilia, kwani mshono mbichi na maji ya moto havipatani.

Kisha kuna vitu visivyo na uzito wowote lakini vyenye thamani kuliko beseni na ndoo. Kadi ya kliniki ndiyo kauli ya mama wakati yeye mwenyewe hawezi kusema: inamweleza mkunga asiyemjua habari za mimba zilizotangulia, wingi wa damu yake, presha yake na kundi lake la damu. Fauka ya hiyo, yatakiwa majina ya watu wawili waliokwisha kubali kwamba wataitoa damu yao ikihitajika, simu iliyojaa chaji, nauli iliyotengwa na isiyoguswa kwa shughuli nyingine, na katika Tanzania namba 115, ambayo haina malipo na ndiyo ya mfumo wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga walio katika hatari. Mambo haya ni ya mume. Simaanishi kwamba ayalipie tu. Namaanisha ayajue, aufungue mkoba na kuufunga kwa mikono yake, ajue kadi imewekwa wapi na nguo ya kwanza ya mwanawe ni ipi, kwani usiku wa uchungu mkewe hatakuwa na wasaa wa kumfundisha.

Mila zetu hazikuyaona mambo haya kuwa madogo. Katika ada za ndoa za mwambao bwana arusi hutoa mkaja kwa mama wa bibi arusi, kwa kuikumbuka nguo aliyojifunga tumboni alipomzaa binti huyo, na hutoa ubeleko kwa kuikumbuka ile aliyombebea mgongoni. Yaani baada ya miaka ishirini au thelathini, mbele ya jamaa wa pande mbili, vitambaa viwili vya uzazi huombewa heshima na kulipiwa. Watu walioutukuza uzazi kwa taadhima ya namna hiyo wana haki ya kuuliza imekuwaje binti zao wakasimamishwa mlangoni mwa leba na kukaripiwa kwa sababu ya jozi ya glovu.

Na hapa naingia katika orodha ya pili. Tangu uchangiaji wa gharama za matibabu ulipoanza Tanzania mwaka 1993, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wamewekwa katika msamaha, na sera ya nchi haijaacha kusema hivyo. Lakini huduma ambayo haina malipo, na ambayo haitolewi mpaka mtu apitie kwanza duka la dawa, malipo yake yamehamishwa tu kutoka dirisha la hospitali hadi dirisha la ng'ambo ya barabara, tena huko bei hupangwa na mwenye duka. Ubaya wa jambo hili haukomei kwenye fedha. Glovu anazonunua mama mtaani kwa kukisia huenda si zile zilizotakaswa kwa kazi ya kuzalisha, na mkunga hana njia ya kuzijua. Wembe uliokaa katika mkoba kwa miezi miwili hakuna awezaye kuapa juu ya usafi wake.

Lililo zito zaidi ni dawa. Oksitosini, ambayo mzazi huchomwa mara tu mtoto anapotoka ili mfuko wa uzazi ujikaze na damu ipungue, hutakiwa ihifadhiwe katika baridi ya nyuzi 2 hadi 8, isitoke katika baridi hiyo tangu kiwandani hadi mkononi mwa mkunga. Mwanamke anayeinunua mapema kwa kutii orodha, akaiweka kabatini, kisha akapanda nayo bodaboda katika jua la saa saba mchana, anabeba kichupa ambacho nguvu yake imekwisha kupungua, na mkunga anayemchoma dawa hiyo anadhani amemkinga ilhali hakumkinga. Kutoka damu nyingi baada ya kujifungua huweza kumwua mwanamke mwenye afya njema kwa muda wa saa mbili. Katika saa hizo mbili hakuna nafasi ya kumtuma shemeji akatafute duka lililo wazi usiku wa manane.

Mimi si mtu wa kukana yaliyofanyika. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000 Tanzania ilipoteza wanawake 556. Ule wa mwaka 2022 umekadiria 104, na kwa muda huohuo uzazi wa hospitalini na katika vituo vya afya umepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Hiyo ni neema, na waliofanya kazi hiyo, wengi wao wakunga wa zamu za usiku, wanastahili shukrani ya taifa zima. Lakini tuwafikirie wale ambao bado wanajifungulia nyumbani. Wapo miongoni mwao waliozuiliwa na masafa, wapo waliozuiliwa na mto uliofurika, na wapo, nasema haya kwa yakini ya niliyoyasikia kwa wanawake wenyewe, waliozuiliwa na mkoba: ambao siku ilipowadia walitazama walichokuwa nacho, kanga mbili zilizopauka na kipande cha sabuni, wakaona bora wazae kwa bibi jirani kuliko kwenda kuulizwa mbele ya wagonjwa wenzao, "Umekuja na nini? Hukujua kama unakuja kuzaa?"

Maneno ya namna hiyo si kitu kidogo. Katika nchi jirani ya Kenya, ambako uzazi katika hospitali za serikali ulitangazwa kuwa bila malipo tangu tarehe 1 Juni 2013, mwanamke mmoja huko Bungoma alijifungua sakafuni mwezi wa Agosti mwaka uo huo, baada ya kutakiwa ajinunulie pamba na dawa ya kuanzishia uchungu, na juu ya hayo akatukanwa na kupigwa. Mahakama Kuu, katika hukumu yake ya Machi 2018, ilisema kwamba utu wake umevunjwa, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi za Kenya milioni 2.5. Hukumu ile ilikuwa ya insafu, nami natamani isomwe katika kila chuo cha uuguzi cha Afrika Mashariki. Ila wauguzi wasiisome peke yao, kwa sababu muuguzi naye, anapofungua kabati na kulikuta tupu, na wanawake wanne wamekwisha kufika, huwekwa mahali pabaya na watu wasioonekana wodini. Ukali wake hauna udhuru, lakini utupu wa kabati si taksiri yake.

Kwamba serikali yaweza kuuchukua mzigo huu si ndoto. Ufini, ilipokuwa nchi ya wakulima mafukara na vifo vya watoto wachanga vikiwa vingi, ilianza mwaka 1938 kuwapa akina mama wa hali ya chini sanduku la nguo na mahitaji ya mtoto, na mwaka 1949 sanduku hilo likawa haki ya kila mama, tajiri kwa maskini, kwa sharti moja tu: afike kwa daktari au kliniki kabla mwezi wa nne wa mimba haujaisha. Sanduku lenyewe lina godoro dogo ndani yake, hata watoto wengi wa huko walilala humo usingizi wao wa mwanzo. Kwao kifurushi kilikuwa sababu ya mwanamke kuja kliniki; kwetu kimekuwa, kwa baadhi ya wanawake, sababu ya kutokuja.

Ninayoyaomba hayahitaji utajiri wa Ufini ya leo. Naomba kliniki zitoe karatasi mbili zilizo mbali mbali, moja ikitaja vitu vya mama na mtoto, na ya pili ikitaja vitu ambavyo kituo chenyewe kimejifunga kuwa navyo, ibandikwe ukutani mahali ambapo mume, mama mkwe na diwani wote wanaweza kuisoma. Naomba kila wodi ya wazazi iwe na rafu ya kanga safi, sabuni na nguo chache za kichanga kwa ajili ya yule aliyechukuliwa na uchungu shambani au kufukuzwa nyumbani akiwa hana kitu, apewe bila ya kuulizwa habari zake. Misikiti, makanisa na vikundi vya akina mama vinavyotafuta mahali pa kutoa sadaka haviwezi kupata pema kuliko hapo. Na naomba madiwani, wanapoketi kupitisha bajeti ya halmashauri, waulize kwa jina kuhusu glovu, vibanio vya vitovu, oksitosini na jokofu la kuihifadhi: vimeagizwa vingapi kutoka Bohari ya Dawa, vimefika vingapi, na lini. Ikibainika kwamba glovu zilikwisha tangu wiki iliyopita, swali lielekezwe kwa aliyepaswa kuziagiza, naye ajibu kabla ya mwanamke mwingine kutumwa dukani.