Wanaume Wameisha Mjini? Sensa Haisemi Hivyo

Kuna dada mmoja Gongo la Mboto, msusi, anakaa na jamaa mwaka wa tatu huu. Kodi analipa yeye, mtoto analea yeye, na wikiendi jamaa haonekani. Akilalamika, mashoga zake na hata mama yake mzazi wanamwambia: "Vumilia mwaya, wanaume wenyewe wachache." Jamaa naye kalidaka hilo neno. Kila akiulizwa alipolala anajibu wako kibao wanaomsubiri.

Haya, njoo kwenye namba. Sensa ya 2022 ilihesabu wanawake 31,687,990 na wanaume 30,053,130 nchi nzima, yaani wanaume 95 kwa kila wanawake 100. Dar es Salaam pengo ni kubwa zaidi: wanawake 2,783,710 kwa wanaume 2,600,018, kama 93 kwa 100. Kwa hiyo pengo lipo, hakuna anayebisha. Ila wanawake saba wa ziada kwenye mia hawampi mtu mmoja ruhusa ya kuwa na wanne. Hesabu za shule gani hizo?

Tena sehemu ya hilo pengo ni mabibi. Watoto wa kiume huzaliwa wengi kidogo kuliko wa kike, ila wanaume wanawahi kufa, ndiyo maana mitaani wajane wamejaa na wagane wa kuhesabu. Mjini ongeza mabinti wanaotoka mikoani kuja kufanya kazi za ndani, saluni na umama lishe, huku kaka zao wengine wako machimboni Geita na Chunya.

Halafu kuna suala la umri, na hili halisemwi. Tanzania ni nchi ya vijana, kila rika ni kubwa kuliko lililolitangulia. Wanaume wa miaka 34 wakikimbilia mabinti wa 24, lazima wachache wachague kwenye wengi, hata kama waliozaliwa walikuwa sawa kwa sawa. Na vijana wa 24 wenyewe wapo! Nenda kijiwe chochote cha bodaboda kuanzia Ukonga mpaka Pugu uwaone. Hawana hela ya mahari wala kodi ya miezi sita, basi hawahesabiwi. Wachache ni wanaume wenye hela, semeni hivyo.

Mitandaoni dawa inayotajwa kila siku ni mitala. Sawa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi. Lakini hao wanaojiita wasaidizi wa taifa, wangapi wamekwenda kwa wazazi wa huyo wa pili? Mchepuko wa kupangiwa chumba Majohe na kufichwa kama bangi siyo mitala.

Dawa yenyewe ni ya kawaida sana. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kijana mwenye bodaboda yake anaoa mapema, na mwanamke mwenye mtaji hatishiwi kuachwa.

Na sheria ina meno kwa waliokwisha "kuvumilia". Kifungu cha 160 kinasema mkithibitika kuishi pamoja miaka 2 au zaidi, na watu wakiwajua kama mke na mume, inachukuliwa mmeoana mpaka ithibitishwe vingine. Angalizo: kama jamaa ana ndoa ya kanisani huko kwao, dhana hiyo inaanguka. Hata hivyo mahakama inaweza kuamuru matunzo yako na ya watoto. Na kazi za nyumbani? Tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kupika na kulea ni mchango kwenye mali.

Kwa hiyo zile meseji za kulipia kodi kwenye simu, dada, usizifute.