Uteuzi si Zawadi, Acheni Kushukuru

Wasee wa Kitale na Bungoma, tuambiane ukweli. Rais akitoa orodha ya uteuzi, swali letu la kwanza ni moja tu: "Kuna mtu wetu?" Akiwepo, sherehe. Akikosa, tumeonewa. Hakuna anayeuliza kama rais alikuwa na mamlaka ya kutoa hiyo orodha. Na hapo ndipo tunachezwa.

Chukua kesi ya majaji. Mwaka wa 2019 Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) ilihoji watu, ikapendekeza majaji 41. Kifungu cha 166 cha Katiba kinasema rais atawateua kulingana na pendekezo la tume. Hakisemi "akijisikia". Uhuru Kenyatta akagoma. Februari 2020 Mahakama Kuu ikamwambia hana hiari. Akakaa tu. Juni 3, 2021 akateua 34 na kuwaacha sita, wakiwemo George Odunga na Joel Ngugi. Wiki tatu kabla ya hapo, hao wawili walikuwa kwenye jopo lililoangusha BBI. Fanya hesabu mwenyewe.

Sasa sikia inavyokuhusu. Kati ya wale 41, 20 walikuwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Ardhi, manze! Trans Nzoia nzima ni mashamba yaliyoachwa na masetla. Huko Mlima Elgon, watu wa Chepyuk walimwaga damu juu ya ardhi. Sisi hatuhitaji profesa atueleze kesi ya shamba ikichelewa inaumiza nani. Mzee anafunga safari kortini, anaambiwa arudi mwezi ujao, na nchi ina majaji waliofaulu mahojiano wanaongoja sahihi ya mtu mmoja karibu miaka miwili.

Wale sita waliteuliwa Septemba 2022, siku William Ruto alipoapishwa. Watu wakamshukuru kama amewanunulia soda. Kwa nini? Mtu akilipa deni la serikali, hajakupa zawadi.

Na tuliposhukuru, tuliona nini? Machi 2023, Ruto huyo huyo akateua mawaziri wasaidizi 50, wale wa CAS. Tume ya Utumishi wa Umma ilikuwa imepanga nafasi 23. Hizo 27 zingine zilitoka wapi? Wakaapishwa, na siku iliyofuata korti ikawasimamisha. Chama cha Mawakili (LSK) na Katiba Institute ndio walikuwa wameshtaki. Julai 3 Mahakama Kuu ikaamua uteuzi wote 50 ulikiuka Katiba. Mshahara wa hao watu ungetoka kwa ushuru wa bando zako.

Najua mtaniambia: "Rais amechaguliwa na mamilioni, aachwe afanye kazi." Sawa, amechaguliwa. Lakini kazi yake ya kwanza siku ile ilikuwa kuapa kwamba ataitii na kuilinda Katiba. Kama Uhuru alikuwa na ushahidi dhidi ya jaji, kifungu cha 168 kinaonyesha njia: peleka malalamiko JSC, mhusika ajitetee. Kuficha faili na kusema "mimi najua mambo yake" ni udaku wa ikulu, si ushahidi.

Wewe mwenye diploma unayeendesha boda pale stendi, hii ni vita yako. Umechoka kuulizwa "unajua nani?" kila ukiomba kazi. Hiyo tabia haianzii kwa karani wa kaunti. Inaanzia juu, kwa rais anayegawa vyeo kama peremende, na inashuka mpaka kwako.

Kwa hivyo orodha ikitoka tena, kabla hujaposti "hongera mtu wetu", uliza maswali matatu. Sheria imeweka hiyo nafasi? Nani alimhoji? Wananchi walisikizwa? Jibu likiwa hapana, hata kama ni binamu yako, hiyo kazi ni ya wizi. Nakubali matusi kwa comment, lakini njoo na kifungu cha Katiba.