Maoni: Kijana kwenye kiti na wanaomtazama

Katika filamu moja ya mwaka 1965 iitwayo Vinyl, kuna mwanamke aliyeketi juu ya sanduku, anavuta sigara. Karibu naye kijana amefungwa kwenye kiti, anateswa. Mwanamke hainuki kumsaidia. Anakung'uta majivu tu.

Filamu hiyo ilitengenezwa na Andy Warhol mjini New York, ndani ya karakana yake, kwa rangi nyeusi na nyeupe. Inachukua kama dakika 70, na kamera karibu haisogei. Waigizaji wanaonekana wakisoma maneno yao pembeni. Mtu aliyezoea sinema za mapigano ataichoka haraka, na hatakosea.

Lakini hadithi yake ni nzito. Imetokana na riwaya A Clockwork Orange ya Mwingereza Anthony Burgess, ya mwaka 1962. Kijana anapiga watu na kuiba kwa raha zake. Serikali inamfunga, kisha inamdunga dawa na kumlazimisha kutazama picha za ukatili mpaka mwili wake uchukie. Akitoka gerezani hawezi kujitetea hata akipigwa. Padri wa gereza ndiye anayeuliza: mtu aliyenyang'anywa uwezo wa kuchagua, wema wake ni wema gani?

Stanley Kubrick naye alikitengenezea kitabu hicho filamu mwaka 1971, na hiyo ndiyo inayojulikana. Ni nzuri zaidi kwa macho. Ile ya Warhol inauma mahali pengine. Kitabu kinailaumu serikali. Chumba kile kinawalaumu pia walioketi.

Familia zilizokimbia vita huku Kivu zinalijua jambo hilo bila kufundishwa. Kijana akishikwa na simu ya wizi, umati hujaa, mawe hutafutwa, na wengine hutoa telefone zao kupiga picha. Hasira ina sababu. Mama aliyeibiwa godoro alilolibeba kichwani tangu kijijini hawezi kuambiwa anyamaze, na polisi wakiitwa mara nyingi huchelewa. Lakini anayepigwa mpaka azimie hajifunzi kitu, isipokuwa nani ana nguvu siku hiyo. Na watoto wako mbele kabisa, wanaona yote.

Mtu mzima anayepita hapo awaondoe kwanza watoto. Halafu telefone aliyoishika aitumie kumwita kiongozi wa kambi, picha aziache.