Bomba Jipya, Mtambo wa Zamani: Tuulizwe Kwanza



Sisi wa Rugerero na sehemu zote za Rubavu tunaishi jirani na gesi. Chini ya maji ya Ziwa Kivu kuna methani ipatayo mita za ujazo bilioni 60. Gesi hiyo ilianza kuvutwa Rubona mwaka 1963 ili iwashe boila za kiwanda cha bia cha kampuni iliyoanzishwa Gisenyi mwaka 1957. Mwaka 2016 mtambo wa KivuWatt huko Karongi ulizinduliwa ukiwa na uwezo wa kutoa megawati 26 za umeme, na hapa kwetu ukafuata mradi wa Shema Power uliokusudiwa kutoa megawati 56. Gesi ikizidi kupatikana, waajiri wengi watataka kuiunganisha na mitambo waliyo nayo.

Jambo hilo hatulipingi. Gesi ya ziwa ni mali ya taifa, na kiwanda kinachofanya kazi ni chakula cha watoto wetu. Tunachosema ni kimoja: kuunganisha bomba jipya na mtambo wa zamani ni sawa na kujenga mtambo mpya, na wanaouendesha lazima waitwe tangu siku ya kuchora ramani.

Tutaambiwa, “Ni mita chache tu za bomba.” Lakini boila iliyozoea mafuta mazito ikipewa gesi, hatari yake hubadilika. Mafuta yakivuja, tunayaona sakafuni. Methani haina rangi wala harufu, na ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 5 hadi 15, cheche moja inatosha. Moto ukizimika ndani ya boila na vali isijifunge, gesi hujaa humo. Mtu akiwasha tena kabla ya kupuliza hewa safi, boila hulipuka. Vali ya usalama iliyowekwa kwa presha ya zamani nayo haina budi kupimwa upya.

Tazameni yaliyotokea Flixborough, Uingereza. Mwaka 1974 tangi moja kati ya sita lilipata ufa, likaondolewa, na bomba la muda likawekwa ili kazi isisimame. Matundu yalikuwa ya inchi 28, bomba likawa la inchi 20. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, na bomba likaegemezwa juu ya vyuma vya jukwaa la mafundi. Tarehe 1 Juni lilipasuka, na wafanyakazi 28 wakafa.

Tena, tarehe 9 Juni 2009, katika kiwanda cha nyama huko Garner, Marekani, mafundi waliunganisha mtambo mpya wa kuchemsha maji. Walitoa hewa ndani ya bomba kwa kusukuma gesi, na gesi hiyo wakaiachia ndani ya jengo, watu wengine wakiendelea na kazi zao. Walitegemea pua kujua kama gesi imezidi. Watu wanne walikufa.

Sisi tunaokaa kando ya Kivu tuyapime maneno hayo ya pua. Gesi ya ziwa kabla ya kusafishwa ina pia haidrojeni salfaidi, inayonuka kama yai viza. Ikiwa kidogo tunaisikia. Ikiwa nyingi huua uwezo wa kunusa, kisha humuua mtu mwenyewe. Hula na chuma pia. Basi asiyepewa kipimo cha gesi asiambiwe anuse.

Kwa hiyo tunadai haya. Mchoro mpya usomwe na waendesha mitambo wa kila zamu kabla ya bomba kukatwa. Kazi ifanywe kwa kibali cha maandishi, kinachokabidhiwa zamu hadi zamu. Bomba lipimwe presha kabla ya kutiwa gesi, na gesi ya kusafishia itolewe nje, mbali na watu na moto. Mafunzo yatolewe kwa Kinyarwanda na Kiswahili, lugha tunazofanyia kazi.

Zaidi ya yote, mfanyakazi anayeona hatari awe na haki ya kusimamisha kazi bila kufukuzwa. Hatuombi hisani. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unamlinda mfanyakazi anayejiondoa mahali penye hatari kubwa ya karibu.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mkandarasi atafunga bolti zake, atalipwa na ataondoka. Tunaobaki na mtambo usiku na mchana ni sisi. Tunajua ni vali ipi hukwama na ni geji ipi husema uongo. Mwajiri asiyetuuliza anatupa ujuzi ambao tayari anaulipia mshahara. Naye mfanyakazi asiulizwe akanyamaza: asimame katika kikao cha usalama na aseme anachokijua, kabla gesi haijafunguliwa.