Technics haihitaji nguvu zaidi, inahitaji kasi ya tatu

Vijana wanaopiga muziki kwenye hoteli za Paje na Nungwi, hapa Unguja, wananiletea ombi moja, na nimeona nilijibu gazetini ili walisome wote kwa pamoja. Wanaleta mashine za santuri, nyingi zikiwa Technics SL-1200MK2 za mtumba, na baada ya kuamkiana wanasema: "Mjomba, niongezee nguvu ya mota." Wameona matangazo ya mashine mpya zenye nguvu ya kuzungusha ya kilo-sentimita 4.5, na kitabu cha mashine yao kinasema 1.5. Wakilinganisha tarakimu hizo mbili, wanaona wameuziwa chombo dhaifu.

Jibu langu ni hapana. Nakataa kwa kuwa naipenda mashine hii, na naujua umeme wake. Isitoshe, kuna kazi nyingine inayofaa kufanywa ndani yake, kazi ambayo hakuna anayeniomba.

Kipimo chenyewe kinaeleweka kwa urahisi. Kilo-sentimita 1.5 ni nguvu ya kushinda uzito wa kilo moja na nusu unaovuta sentimita moja kutoka katikati ya sahani. Kwa nguvu hiyo MK2 inatoka kusimama hadi mizunguko 33 na theluthi kwa dakika ndani ya sekunde 0.7. Kitabu chake kinasema pia kwamba ukiibebesha mzigo wa hadi kilo-sentimita 1, kasi haibadiliki hata kidogo. Sasa tuipime sindano. Tuseme inakandamiza santuri kwa gramu moja na nusu, na msuguano wake ni theluthi ya hapo. Hiyo ni nusu gramu, inayovuta kwenye ukingo wa santuri, sentimita kumi na nne na ushei kutoka katikati. Jumla ni gramu-sentimita saba hivi, na mota ina 1,500. Mtu anayeniambia kwamba santuri zake "zinapumua" zaidi baada ya kuongezewa nguvu ya mota, namwomba aniletee kipimo.

Uthabiti huo wa kasi haukutokea kwa bahati. Kampuni ya Matsushita ya Osaka, ambayo leo inaitwa Panasonic, ilitoa SP-10 mwaka 1970, kazi ya mhandisi Shuichi Obata na wenzake. Mashine nyingi za wakati huo zilizungushwa kwa mkanda au gurudumu la mpira, na mpira huvutika, hukauka, huteleza. Obata aliuondoa mpira wote akaiweka mota palepale katikati. SL-1200 ya kwanza ikafuata mwaka 1972, na MK2 mwaka 1979. Ukiinyanyua sahani ya MK2 utaona sumaku imefungwa chini yake, na koili zimebaki kwenye kitako. Kwa hiyo sahani ndiyo nusu ya mota. Mzunguko wake unahesabiwa na kulinganishwa na mpigo wa kwotsi, unaopiga zaidi ya mara milioni 4 kwa sekunde. Sahani ikichelewa, mkondo unaongezwa; ikitangulia, unapunguzwa. Sahani, sumaku, koili na saketi vilipimwa pamoja tangu siku ya kwanza.

Kampuni hiyohiyo ilipoirudisha SL-1200 sokoni mwaka 2016, toleo la G lilikuwa na kilo-sentimita 3.3, zaidi ya mara mbili ya MK2. Lakini sahani yake ina kilo 3.6, na mota imebuniwa upya kabisa. Muda wa kufikia kasi? Sekunde 0.7, uleule wa zamani. Nguvu iliongezwa kwa sababu uzito uliongezeka. Na walipotengeneza MK7 mwaka 2019, mahsusi kwa maDJ, baada ya miaka 40 ya kusikia malalamiko yao, waliipandisha kutoka 1.5 hadi 1.8 tu.

Njia wanayoitaka vijana wangu ni fupi, na hilo ndilo linalonitia hofu. Katika mota za namna hii kuna rezista ndogo ambayo mkondo wa mota unapitia, na chipu inayoongoza mota (IC) inaitazama kujua mkondo umefika kikomo. Ukiipunguza thamani rezista hiyo, kikomo kinapanda. Kuyeyusha lehemu na kubadilisha rezista ni kazi ya dakika chache. Tatizo ni kwamba nguvu ya kuzungusha hupanda sambamba na mkondo, ila joto la koili hupanda kwa mraba wake. Nguvu mara mbili, joto mara nne. Joto hilo linakaa chini ya sahani iliyofunika kila kitu, Paje, usiku wa Februari, mashine ikiwa juu ya meza iliyokwisha kuchemshwa na jua la mchana. IC inayoendesha mota ya MK2, AN6675, haitengenezwi tena. Ikiungua, tunaingia sokoni kutafuta iliyong'olewa kwenye mashine nyingine iliyokufa. Juu ya hayo, saketi iliyozoea mota ya nguvu fulani ikipewa nyingine inaweza kuanza kuipitiliza kasi na kuirudisha, kuipitiliza na kuirudisha, na noti ndefu ya fidla ikasikika inayumba. Umeharibu sifa ambayo watu waliinunulia mashine hii, ili upate nyingine uliyoisoma kwenye tangazo.

Najua DJ ana haja ambayo msikilizaji wa nyumbani hana. Yeye anaishika santuri kwa mkono huku sahani ikiendelea kuzunguka chini yake, halafu anaiachia na kutaka iwe kwenye kasi papo hapo. Vidole vinavyobonyeza santuri ni mzigo mkubwa kuliko sindano mara nyingi sana. Hapo nguvu ya mota ina maana. Lakini tazameni waanzilishi wa mchezo huu walifanya nini. Grandmaster Flash, mzaliwa wa Barbados aliyekulia Bronx, New York, alisomea umeme kwenye shule ya ufundi. Katika miaka ya 1970 alikuwa akipima mashine moja baada ya nyingine, akitafuta ile ambayo sahani yake inafikia kasi haraka. Alijua kushika chuma cha lehemu: swichi ya kusikilizia santuri ya pili kabla hadhira haijaisikia aliitengeneza mwenyewe. Pamoja na ujuzi wote huo, tatizo la santuri kung'ang'ania sahani alilitatua kwa kitambaa. Alichukua felti, akaikaza kwa wanga wa kupigia pasi, akaiweka kati ya sahani na santuri ili iteleze. Vijana wengi wanaonijia wana felti nene, chakavu, iliyojaa mchanga wa pwani. Badilisheni hiyo kwanza.

Na kabla ya kulalamika kwamba mota imechoka, tuhakikishe kwamba inakula chakula chake chote. Mashine iliyonunuliwa Japani ni ya volti 100. Mwenyewe anaichomeka kwenye transfoma ya kushushia umeme, ile ya bei nafuu, ambayo umeme wa gridi ukishuka jioni nayo inashuka. Kapasita za ugavi zina miaka zaidi ya thelathini, zimekauka. Ekseli haijaonja mafuta tangu itoke kiwandani, ingawa kitabu kinataka matone mawili matatu kila baada ya saa 2,000. Mara nyingi nikishafanya haya, kijana anaijaribu, anatabasamu, na habari ya nguvu anaisahau. Mashine imerudi kwenye 1.5 yake, ambayo alikuwa hajawahi kuionja.

Sasa nije kwenye jambo ninalolitaka mimi.

Technics MK2 ina kasi mbili, 33 na 45. Haina 78. Kwa DJ wa Bronx au London hilo halikuwa pengo; santuri zake zote zilikuwa za plastiki. Kwetu sisi ni pengo kubwa mno. Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, alisafiri mwaka 1928 kwenda Bombay na wenzake kurekodi kwa kampuni ya Gramophone, chini ya nembo ya HMV. Sauti ile ilichapwa kwenye santuri za lakiri, nzito, zenye kuvunjika kama sahani ya udongo, na zinazunguka mara 78 kwa dakika. Fundi Konde wa pwani ya Kenya, katika rekodi zake za mwanzo, naye ni 78. Muziki wa Waswahili ulianza kutunzwa kwa kasi hiyo, na mashine bora ya santuri iliyoenea kuliko zote visiwani haiwezi kuupiga.

Santuri hizo zipo. Ninaletewa zikiwa zimefungwa ndani ya kanga, zimetoka kwenye masanduku ya mabibi, Ng'ambo na Mji Mkongwe, baadhi zina ufa, baadhi karatasi ya katikati imeliwa na wadudu. Anayeleta anauliza kama inawezekana kusikia. Gramafoni ya zamani ya kuvuta spring anayo jirani, na ningemwomba asiitumie: sindano yake ya chuma, chini ya kichwa kizito, inakwangua mfereji kila inapopita, na kila usikilizaji unapunguza sauti iliyobaki.

Kazi ya kuipa MK2 kasi ya tatu haidhuru chochote nilichokitaja hapo juu. Mashine inaufuata mpigo wa kwotsi. Ukiiweka kwenye 45 na mpigo huo ukauharakisha kwa mara 1.74, sahani inazunguka 78, ikiwa bado imefungwa kwenye kwotsi, thabiti vilevile. Inahitaji saketi ndogo ya ziada inayotoa mpigo wa pili, na swichi ya kuchagua baina ya mipigo miwili. Kikomo cha mkondo wa mota hakiguswi. Swichi ikirudishwa, mashine ni ileile iliyotoka kiwandani. Watengenezaji wenyewe wamekubali haja hii: G na MK7 zimekuja na 78 tayari ndani. Lakini hizo bei yake ni ya mtu mwengine. Sisi tuna MK2, na tunaweza.

Kasi peke yake haitoshi, na hapa nawasihi wasomaji wasidanganyike. Mfereji wa santuri ya lakiri ni mpana. Sindano ya kawaida ya santuri za plastiki ina ncha ya nusu kipenyo cha mikroni 18 hivi. Ukiiweka kwenye 78 inazama hadi chini na kuburuta kwenye vumbi la miaka tisini, na unachosikia ni mchakacho. Sindano ya 78 ina mikroni 65 hadi 75, inakaa kwenye kuta za mfereji, mahali sauti ilipochongwa. Inauzwa kwa bei ndogo kuliko felti na stika ambazo vijana wangu hununua. Halafu sauti ya santuri hizi ni moja, haina kulia na kushoto, kwa hiyo waya za kichwa ziunganishwe ziwe mono. Nusu ya kelele inatoweka hapo hapo.

Nimeambiwa kwamba siku hizi mtu anaweza kurekodi santuri ya 78 kwa kasi ya 45, kisha kompyuta ikaiharakisha. Inawezekana, na kwa santuri yenye ufa mbaya ni njia salama zaidi, maana sindano hairushwi kwa nguvu. Ila marekebisho ya besi na treble lazima yahesabiwe upya, na wengi hawayahesabu. Ndiyo maana mtandaoni mnasikia waimbaji wetu wa zamani wakiwa na sauti za bati. Na kuna jambo ambalo kompyuta hailitoi. Bibi wa miaka themanini aliyeketi mbele ya mashine anataka kuisikia santuri ya mama yake ikipigwa, sasa, mbele ya wajukuu, huku akieleza huyu anayeimbwa alikuwa nani na mtaa gani. Maelezo hayo hayapo kwenye lakiri. Yanatoka kinywani mwake sauti inapoanza, na ukimwambia arudi wiki ijayo faili likiwa tayari, unaweza usiyapate kabisa.

Kwa hiyo, vijana, mkinijia na Technics nitaisafisha, nitaitia mafuta, nitabadilisha kapasita, nitawarekebishia breki ya sahani isimame mpendavyo. Rezista ya mkondo sitaigusa. Na mwenye kukubali nimtilie kasi ya 78, kisha akaiazima mashine yake Jumapili moja kwa mwezi ili wenye santuri za nyumbani waje kusikiliza na kurekodiwa, gharama ya kazi hiyo sitamdai. Hoteli zenu zina mashine zinazolala mchana kutwa. Shirika letu la utangazaji na vyuo vya muziki vina watu wanaojua kutunza rekodi. Kinachokosekana ni mashine chache zilizotayarishwa vizuri na watu wa kuziendesha, nanyi tayari mna mikono myepesi kuliko yangu ya kushusha sindano.

Walio na santuri hizo nyumbani, zisimamisheni wima, msizilaze moja juu ya nyingine, na zikae mbali na jua. Msizifute kwa spiriti wala manukato: lakiri huyeyuka ndani ya spiriti, na mfereji utaondoka na kitambaa. Maji safi yenye tone la sabuni laini yanatosha, karatasi ya katikati isilowe, kisha ikauke kivulini kabla ya kuletwa.