Ugumu wa Njia Upimwe, Usikisiwe

Mtu akiuliza hali ya njia fulani ya milimani, aghalabu hujibiwa kwa neno moja: "mbaya", au "inapitika". Majibu haya mawili yamekwisha kuwagharimu wananchi mali na maisha. Njia iitwayo mbaya mwaka mzima, hali ni mbaya kwa miezi mitatu tu, hukimbiwa na wenye magari, na mkulima wa kahawa hubaki na magunia yake mlimani mpaka apatikane mnunuzi wa kumpunja. Njia iitwayo yenye kupitika, hali inapitika kwa gari tupu wakati wa kiangazi, humtumbukiza korongoni dereva aliyepakia shehena mwezi wa Machi. Hoja ya makala hii ni kwamba ugumu wa njia ni jambo la kupimika, na kwamba vipimo vyake havishindi uwezo wa mwanafunzi wa shule ya sekondari.

Tuchukue mfano wa Wilaya za Mbinga na Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma. Nchi ya Wamatengo ni ya milima mikali, ambayo baadhi ya sehemu zake hukaribia kimo cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Nyasa, lililo katika Bonde la Ufa, liko kwenye kimo cha takriban mita 475 tu. Kwa hiyo gari linaloanza safari penye kimo cha mita 1,300 hapana budi lishuke zaidi ya mita 800 kabla ya kufika ufukoni.

Barabara kuu ya kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ina urefu wa kilometa 66. Hebu mwanafunzi agawe mita 800 kwa mita 66,000. Atapata mteremko wa mita 1.2 kwa kila mita 100. Kwa hesabu hiyo barabara ni karibu tambarare, na mtoto angeweza kuishuka kwa baiskeli bila kushika breki! Yeyote aliyepata kusafiri huko atacheka. Hesabu haikukosewa, kilichokosewa ni swali. Wastani huchanganya miteremko na miinuko, mabonde na migongo ya vilima, ukaficha zile mita 50 ambazo gari hukwama au hupinduka. Mtumbwi wenye tundu moja huzama hata kama ubao wote uliobaki ni mzima. Vivyo hivyo, daraja la ugumu wa njia huamuliwa na mahali pake pagumu kuliko pote.

Je, pagumu kwa sababu gani? Sababu ya kwanza ni uhusiano baina ya mwinuko na msuguano. Gari halipandi mlima kwa nguvu ya injini peke yake, bali kwa mshiko wa magurudumu ardhini. Kipimo cha msuguano, yaani uwiano wa kani ya msuguano na kani inayokandamiza ardhi, huwa kama 0.6 kwenye changarawe kavu, na huweza kushuka hadi 0.2 au chini ya hapo kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa. Kwa gari liendeshwalo kwa magurudumu yote manne, mwinuko mkubwa kabisa linaoweza kuupanda bila kuteleza ni ule ambao tanjenti ya pembe yake ni sawa na kipimo hicho. Kwenye udongo uliolowa, huo ni mwinuko wa mita 20 kwa kila mita 100. Gari liendeshwalo kwa magurudumu ya nyuma tu, ambayo tuseme yamebeba sehemu 6 kati ya 10 za uzito wote, litashindwa kwenye mita 12. Basi mlima wenye mwinuko wa mita 15 kwa 100 utapandwa na gari la kwanza, na la pili litabaki likizungusha magurudumu. Kiangazi kikifika, magari yote mawili yatapanda. Mlima haukubadilika, wala madereva hawakubadilika. Kilichobadilika ni maji katika udongo.

Hapa pana mtego ambao wengi hawautambui. Dereva aliyepanda mlima huo kwa magurudumu manne hujiona bingwa, akadhani atashuka kwa urahisi ule ule. Lakini magari yote, ya aina zote mbili, yana breki katika magurudumu yote. Katika kusimama, gari lile halina faida kubwa kulishinda jingine. Kwenye udongo wenye kipimo cha 0.2, gari linalokwenda kilometa 20 kwa saa litahitaji kama mita 8 kusimama penye tambarare. Katika mteremko wa mita 15 kwa 100 litahitaji kama mita 32. Ikiwa kona iko umbali wa mita 20, hesabu imekwisha kutoa hukumu yake. Kwa sababu hiyo njia moja yafaa ipewe madaraja mawili: moja la kupanda na jingine la kushuka.

Sababu ya pili ni mwelemeo wa ubavuni. Gari hupinduka pale mstari wa wima utokao kwenye kitovu cha uzito wake unapoangukia nje ya magurudumu. Tuseme magurudumu ya kushoto na ya kulia yameachana kwa mita 1.5, na kitovu cha uzito kiko mita 0.75 juu ya ardhi. Gari hilo likiwa limesimama litapinduka kwenye mwelemeo wa nyuzi 45. Likipakiwa magunia hadi kitovu kikapanda kufika mita 1.2, litapinduka kwenye nyuzi 32. Gari linapokwenda, shimo moja tu upande wa bondeni laweza kulitupa kabla ya nyuzi hizo. Utingo anayepanga magunia mazito chini na mepesi juu anafanya kazi ya fizikia, hata kama hakuisoma darasani.

Sababu ya tatu ni maji yapitayo. Mkoa wa Ruvuma una msimu mmoja mrefu wa mvua, tangu Novemba hadi Aprili au zaidi. Vijito vishukavyo ziwani hufurika kwa muda mfupi. Kani ya maji yanayokwenda kasi huongezeka kwa mraba wa mwendo wake: mwendo ukizidi mara mbili, kani huzidi mara nne. Maji yenye kina cha sentimeta 30 yanaweza kuyaelea magari mengi madogo, na yale ya sentimeta 60 yanaweza kuyachukua magari mengi, pamoja na makubwa kiasi. Kuivuka mito hiyo kwa kukisia kina kwa macho ni kamari.

Wapo watakaosema kwamba mambo haya yamepitwa na wakati, kwa kuwa barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay imewekwa lami. Ni kweli, na ni maendeleo makubwa ya kushukuriwa. Lakini lami haikufika katika kila kijiji cha mgongoni wala katika kila kitongoji cha ufukoni. Mgonjwa hasafiri kutoka Mbinga mjini tu. Husafiri kutoka nyumbani kwake. Tena lami yenyewe haiondoi mlima. Lori lenye uzito wa kilo 10,000 likishuka mita 800 hupoteza nishati ya jouli zipatazo milioni 78. Nishati hiyo ingetosha kuchemsha zaidi ya lita 230 za maji kutoka nyuzi 20 za Selsiasi. Kama dereva hatumii gia ndogo ili injini izuie mwendo, sehemu kubwa ya joto hilo huingia katika breki, na breki zilizopata moto kupita kiasi hazishiki. Lami huongeza mwendo; kwa hiyo humtaka dereva azidi kufikiri.

Wengine watasema kwamba dereva mzee hahitaji vipimo, kwa kuwa anaijua njia. Hatubishi. Ujuzi wake ni hazina, maana ni vipimo vya miaka mingi vilivyohifadhiwa kichwani. Lakini hazina hiyo haiazimwi na dereva mgeni, na mwenyewe akistaafu huondoka nayo. Mabaharia nao walikuwa na ujuzi wa namna hiyo kabla ya Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, kuanza mwaka 1805 kuandika nguvu za upepo kwa namba. Hakuwa na chombo cha kupimia. Alitumia dalili ambazo kila baharia aliziona, akazipanga kuanzia 0 hadi 12. Tangu hapo neno "upepo mkali" likawa na maana moja kwa watu wawili waliokuwa katika merikebu mbalimbali. Njia zetu zinahitaji lugha ya namna hiyo.

Katika nchi kadhaa njia za magari ya milimani hupangwa kwa madaraja, aghalabu kuanzia 1 hadi 5. Tusiyaige madaraja hayo bila kufikiri, kwa sababu mengi yaliwekwa kwa ajili ya watu wanaotafuta mchezo, na sisi tunatafuta kufika. Napendekeza kila shule ya sekondari ya wilaya hizi iwe na daftari la njia zinazoizunguka. Kwa kila mahali pagumu yaandikwe mambo matano: mwinuko, aina ya udongo, mwelemeo wa ubavuni, upana pamoja na kona, na kina cha maji. Kila jambo lipimwe mara mbili, kiangazi na masika. Kisha iandikwe ni gari la namna gani, lenye shehena gani, na linaloelekea upande upi, ambalo laweza kupita.

Vifaa si vya gharama. Kipimapembe kilichofungwa uzi na kijiwe hutosha kupimia mwinuko. Wanafunzi wawili washike fito zenye urefu sawa, mmoja juu na mwingine chini, na mmoja atazame kutoka ncha ya fito yake hadi ncha ya pili kwa kuufuata ukingo ulionyooka wa kipimapembe. Pembe ya mwinuko ni tofauti kati ya nyuzi 90 na namba iliyo palipo na uzi. Kina cha maji kisomwe kwenye nguzo iliyochorwa sentimeta na kusimikwa wakati wa kiangazi, ili asiwepo mtoto wa kuingia mtoni wakati wa mafuriko. Mwalimu awepo, na mlinzi mmoja asimame kuangalia magari.

Daftari hilo litawafaa madereva, zahanati na vyama vya wakulima. Litawafaa pia Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, yaani TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, kwani litaonyesha ni mita zipi chache ambazo zikiwekewa changarawe au kalvati zitafungua kilometa nyingi. Fedha za matengenezo hazitoshi kila mahali. Basi ziende panapoamua kama gari litapita au halitapita.

Wamatengo wametutangulia katika jambo hili. Kilimo chao cha ngolo, yaani mashimo yaliyopangwa safu kwa safu juu ya miteremko mikali, huyazuia maji ya mvua yasikusanye mwendo na kuubeba udongo. Wakulima hao waliutazama mlima, wakaona maji yanafanya nini, wakatenda kwa kufuata walichokiona. Barabara nayo huharibiwa na maji yale yale kwenye miteremko ile ile. Ujuzi ulioyaokoa mashamba hauwezi kushindwa kuzisaidia njia, mradi tukubali kupima kabla ya kusema.