Mipira sita si nguvu sita



Kuna mabishano makali kati yetu, hata kwenye mstari wa chakula. Wengine wanasema kamionete za zamani zilitoka kiwandani zikiwa na mipira miwili miwili nyuma, yaani mipira sita kwa jumla. Wengine wanakataa: «Apana, ile ni kazi ya mafundi wa garaji tu, ku izini haikukuwaka.» Kila upande unaapa. Mimi ninaona kila upande una kipande cha kweli, lakini swali lenyewe limesimama nusu ya njia. Ndiyo sababu nimeomba nafasi katika gazeti letu.

Tuanze na kweli. Katika Marekani, Chevrolet ilianza mwaka 1973 kuuza kamionete ya tani moja yenye mipira pacha nyuma, iliyofungwa kiwandani. Huko Uingereza, Ford Transit ya mwaka 1965, ile ndefu, ilitoka na mipira pacha nyuma. Na magari madogo ya mizigo ya Wajapani, kama Mitsubishi Canter na Toyota Dyna, mengi yalitengenezwa hivyo tangu zamani. Basi anayesema «kiwandani haikuwepo» amekosa.

Lakini zile kamionete ambazo wazee wetu walizijua zaidi katika bara hili la Afrika, kama vile Peugeot 404 na Toyota Hilux, kwa kawaida zilikuja na mpira mmoja mmoja nyuma. Ukiona Hilux ya kizee yenye mipira minne nyuma, uulize vizuri nani aliyeifunga. Mara nyingi ni fundi aliyeweka buloni ndefu, akabandika janti ya pili kwa nje, na mwenye gari akafurahi: «Sasa iko na nguvu!»

Hapo ndipo mimi sikubali. Mipira haibebi mzigo peke yake. Mzigo unatoka juu ya sanduku, unashuka kwenye chasi, unapita kwenye resori, unafika kwenye ponti ya nyuma, kisha kwenye rulema, na mwisho kabisa ndipo unafika kwenye mpira. Ukiongeza mpira na kuacha vyote vingine jinsi vilivyokuwa, umefanya kama mtu anayevaa viatu vinne huku miguu ikibaki miwili.

Tena kuna ubaya zaidi. Katika kamionete ndogo kama Hilux, kwa kawaida chuma kile kirefu kinachozungusha gurudumu ndicho pia kinachobeba uzito wa gari. Mpira wa pili ukikaa nje, uzito unasukuma mbali na rulema. Ni sawa na kubeba ndoo ya maji: ukiishika karibu na mwili unakwenda, ukinyosha mkono mbele utachoka mara moja. Chuma kinachoka vilevile. Siku moja kinakatika, na gurudumu linapita mbele ya gari kama mtoto anayekimbilia mpira wa miguu.

Jambo hili si hadithi yangu. Katika Marekani, miaka ya 1970 na 1980, watu walijenga vijumba vya safari juu ya kamionete ndogo za Toyota. Vijumba vilikuwa vizito, basi watengenezaji wakaongeza mipira ya nje, lakini ponti ikabaki ileile nyembamba. Vyuma vikaanza kukatika barabarani. Baadaye, katikati ya miaka ya 1980, Toyota ikatoa ponti kubwa yenye mipira pacha ya kweli kwa kazi hiyo. Fikirini: kama mpira wa pili peke yake ungetosha, kwa nini kiwanda kingejisumbua kutoa ponti mpya?

Sasa mtu ataniambia: «We mwanafunzi, unasema hivyo kwa sababu huna mzigo. Mama zetu wana mihogo na mpunga wa kufikisha sokoni Uvira. Barabara ni mbaya, magari ni machache. Unataka wafanye nini?» Neno hilo ni zito na sitalidharau. Karo zetu wengi zinatoka katika magunia hayohayo. Mafundi wetu nao si wajinga. Wanatengeneza kwa vipande vichache yale ambayo wengine wangetupa. Lakini wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mwenye gari anahesabu faranga za magunia, na abiria aliye juu ya magunia ndiye anayebeba hatari.

Tufanye hesabu pamoja. Kamionete imeandikiwa kilo 1.000. Wanapakia magunia 8 ya kilo 100: kilo 800. Bado nafasi ipo. Kisha wanapanda watu 12; tuseme kila mmoja ana kilo 60: kilo 720. Jumla ni kilo 1.520, nusu tani zaidi ya kipimo, na bado hatujahesabu kuku, masanduku na konvoyeri anayening'inia nyuma. Fureni ni zilezile, na wanaokaa juu ni sisi tunaokwenda likizo.

Wenyeji wa Sange hatuhitaji kufundishwa na mgeni kwamba wingi wa mipira hauzuii gari kuanguka. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka hapa kwetu, mafuta yakamwagika, moto ukawaka, na watu zaidi ya 200 wakafa. Lori lile halikukosa mipira. Sitaki kuchezea kilio cha mtu, kwa maana kati yetu mna waliopoteza ndugu. Ninasema tu kwamba katika barabara hii ya taifa namba 5, kutoka Uvira mpaka Kamanyola na kupanda Ngomo kuelekea Bukavu, gari likishindwa na mzigo wake, halilipi deni peke yake.

Basi mtajuaje? Kwanza, tazameni janti. Katika gari lililotoka kiwandani na mipira pacha, mara nyingi janti ya mbele imetokeza nje, na ile ya nje kule nyuma imeingia ndani kama sahani ya ugali, kwa sababu ni janti ya namna moja iliyogeuzwa. Pili, tazameni katikati ya gurudumu la nyuma: kwenye ponti yenye nguvu kunakuwa na kichwa kikubwa cha chuma kilichotokeza, chenye buloni zake za kukizunguka. Tatu, tazameni nafasi kati ya mipira miwili. Kama imekaribiana, mzigo ukikaa itasuguana, itapata moto na kupasuka. Nne, mgongeni mpira wa ndani kwa fimbo. Ukiwa hauna hewa, ule wa nje unabeba peke yake, na shofere hajui.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Shule yetu inapokodi gari kwa ajili ya kwaya ao timu ya mpira, Bwana Prefe amtume mtu anayejua vyuma akaitazame kabla ya kulipa, asitazame bei tu. Walimu wa fizika watusaidie kupima nguvu na umbali kwenye gari la kweli, si kwenye ubao peke yake. Garaji haiko mbali. Na sisi, siku ya likizo, tukiona kamionete imejaa kupita kiasi, tungojee nyingine, hata kama tutafika nyumbani usiku, hata kama wenzetu watatucheka kwamba ni waoga.

Mabishano ya kiwanda na garaji yaendelee, ni mazuri, yanatuamsha. Lakini anayebisha juu ya mipira na ainame kidogo, atazame chini ya gari. Jibu liko huko.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano